Paswedi ikisahauliwa, mashine haina la kukwambia

Hapa chuoni tuko kwenye wiki ya majaribio na nilipaswa kuwa nasoma saikolojia ya elimu, lakini kuna suala limenikaa kichwani wiki nzima, bora niliandike nipumue. Suala lenyewe: mtu akisahau neno la siri la kompyuta yake, kwa nini kompyuta haiwezi kumkumbusha? Si yeye mwenyewe ndiye aliyeiambia?

Msidhani ni suala dogo. Kule Tumbe, wapo wachuuzi wa samaki ambao hesabu zao siku hizi hawaziweki kwenye daftari, wanaziweka kwenye laptopu. Nani kachukua samaki mnadani kwa mkopo, nani kakopeshwa pesa ya mafuta ya mashine, nahodha anadai kiasi gani. Mtu huyo akenda dago miezi mitatu, akarudi paswedi imemtoka, basi hesabu za watu zimefungwa. Na akifariki ndio mtihani zaidi, maana sisi Waislamu madeni ya marehemu hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inahusu kuandikiana deni. Sasa deni limeandikwa, shahidi yupo, ila shahidi mwenyewe kafungiwa ndani ya kisanduku!

Basi nikaanza kufuatilia historia yake, na nikakuta ina vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza, mashine ilikuwa ikiyajua maneno yote. Mwaka 1961 chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, chini ya Fernando Corbató. Kabla ya hapo kompyuta ilifanya kazi ya mtu mmoja mmoja kwa foleni. CTSS iliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mtu na mafaili yake. Ikabidi kila mtu apewe neno lake la siri. Maneno yale yaliwekwa kwenye faili moja, wazi kabisa, kama orodha ya mahudhurio ya darasani. Ukisahau, msimamizi anafungua orodha anakusomea. Raha iliyoje!

Lakini mlango rahisi kwa mwenyewe ni rahisi kwa mwizi pia. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu palepale MIT, Allan Scherr, aliona saa alizopangiwa kwenye mashine hazimtoshi. Akaiagiza kompyuta imchapie lile faili la maneno ya siri, ikamchapia bila kinyongo, akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Wanafunzi sisi ni walewale tu tangu zamani, jamani.

Kipindi cha pili, mashine ikafundishwa kusahau kwa makusudi. Roger Needham wa chuo cha Cambridge, Uingereza, alikuja na wazo ambalo Maurice Wilkes alilieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1968. Kompyuta isihifadhi neno lenyewe. Ilisage neno kwa hesabu ya upande mmoja, kama muhogo unavyosagwa ukawa unga, kisha ihifadhi ule unga tu. Ukija kesho ukaandika neno, inalisaga tena na kulinganisha unga na unga. Ukilingana, unaingia. Na unga haurudi kuwa muhogo. Hapo ndipo lilipo jibu la suala langu: kompyuta haikukumbushi kwa sababu hailijui neno lako.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, watu wa mfumo wa Unix, waliandika makala kuhusu jambo hili. Walikusanya maneno ya siri 3,289 ya watumiaji halisi, wakakuta asilimia 86 ni dhaifu: herufi chache mno, au maneno ya kwenye kamusi. Dawa yao mojawapo ilikuwa kuchanganya kila neno na tarakimu za kubahatisha kabla ya kulisaga, ili watu wawili wenye neno moja wasitoe unga mmoja. Tarakimu hizo waliziita chumvi. Ndiyo, chumvi, na sisi watu wa pwani tunajua kazi yake ni kuhifadhi!

Zingatieni lakini: katika kipindi hiki kilichofungwa ni mlango, ukuta haukuwepo. Mwaka 1997 Mnorwei mmoja, Petter Nordahl-Hagen, alitoa programu ya kwenye disketi iliyoweza kufuta paswedi ya Windows NT bila kuijua. Na mpaka leo, laptopu ya zamani ambayo diski yake haikufungwa kwa siri, fundi anaweza kuitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyengine na kuyasoma mafaili yote. Kwa hiyo mchuuzi wetu mwenye mashine ya zamani asikate tamaa, na asikubali haraka kuambiwa ifutwe kila kitu iwekwe Windows upya. Kwanza yatolewe mafaili, mengine baadaye. Kama mwenyewe kafariki, wawepo warithi, maana ndani hamna hesabu tu, mna siri za mtu.

Wanorwei hawa wanatuhusu kidogo, maana umeme wa Pemba tangu mwaka 2010 unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari uliowekwa kwa msaada mkubwa wa nchi yao. Na huko kwao yalitokea yaleyale ninayoyahofia Tumbe. Msomi Reidar Djupedal alifariki mwaka 1989, akaacha katalogi ya maelfu ya vitabu ndani ya kompyuta, na paswedi akenda nayo kaburini. Mwaka 2002 kituo cha Ivar Aasen, kilichokuwa na katalogi hiyo, kikawaomba watu wa dunia nzima wasaidie. Jibu lilipatikana baada ya saa chache tu: ladepujd. Lisomeni kinyumenyume, ni jina lake la ukoo!

Kipindi cha tatu ndicho kinachonitia hofu. Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, ilikuja na BitLocker, inayofunga diski nzima. Hapa anayesagwa si paswedi tu, ni hesabu zenyewe. Toa diski, ichomeke utakako, utaona vurugu tupu. Kilichobaki ni ufunguo wa akiba wa tarakimu 48, ambao mwenyewe huenda aliuchapisha au umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Laptopu nyingi mpya zinafungwa hivi bila hata mwenyewe kujua. Ufunguo ukikosekana, hakuna fundi wa Chake wala wa Marekani atakayesaidia.

Ninavyoona mimi, kila hatua iliyomzuia mwizi imemzuia na mrithi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameijua Tumbe ya karne ya 7 hadi ya 10 kwa vigae na mawe ya kusugulia shanga, kwa sababu udongo humfungulia yeyote mwenye subira. Diski iliyofungwa haina habari ya subira.

Kwa hiyo nasihi yangu kwa wazee wetu wenye laptopu: zile tarakimu 48 ziandikeni kwenye karatasi, zikae pamoja na hati ya shamba, na mtu mmoja mwaminifu ajue zilipo. Na daftari la madeni msilitupe.

Haya, narudi kwenye saikolojia. Niombeeni dua, Alhamisi tuna jaribio.