Kutoka Misafara hadi Intaneti: Njia za Elimu ya Maradhi ya Mlipuko katika Nchi za Kiswahili

1. Utangulizi

Epidemiolojia ni elimu inayochunguza jinsi maradhi yanavyoenea katika jamii: yanamshika nani, wapi, lini, na kwa sababu gani. Mwanafunzi wa leo anayetaka kuijua huelekezwa kwanza kwenye intaneti, ambako mafunzo mengi hutolewa bila malipo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba elimu hiyo ina historia ndefu katika nchi zetu, kwamba habari zake za awali zilitoka katika vinywa vya wasafiri wa misafara, na kwamba kurudi kwake kwetu kungali kunazuiliwa na lugha.

2. Ushuhuda wa misafara

James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Unguja, alikishuhudia kipindupindu cha miaka ya 1869-1870. Mwaka 1876 alichapisha London kitabu kiitwacho Cholera Epidemics in East Africa. Hakuridhika na kuwahesabu wafu tu. Alitaka kujua ugonjwa ulipita wapi hata ukafika. Kwa kuwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara, aliirudia njia yake hatua kwa hatua: kutoka Unguja hadi Pangani, kutoka Pangani hadi nchi ya Wamasai, na kaskazini zaidi kuelekea Bahari ya Shamu, kwani mahujaji wa Makka walikuwa wamepatwa na ugonjwa huo mwaka 1865.

Yafaa tuzingatie mbinu hiyo. Kazi mashuhuri ya Robert Koch juu ya kijidudu cha kipindupindu ilikuja baadaye, mwaka 1883 na 1884. Zana kubwa ya Christie ilikuwa maswali, na lugha kuu ya misafara ilikuwa Kiswahili. Waliojua mahali watu walipokufa, na mwezi waliokufa, ni wapagazi na viongozi wa misafara. Maarifa yao yakaandikwa kwa Kiingereza, na wengi wao majina yao yakasahauliwa.

Ugonjwa haukuishia pwani. Ulishika barabara ya biashara ya pembe na watumwa, ukaingia bara. David Livingstone, aliyekuwa Bambarre, yaani Kabambare ya leo katika Maniema, mwaka 1870 na mwanzoni mwa 1871, aliandika habari za kipindupindu hicho. Njia iliyoleta Kiswahili katika mashariki ya Kongo ndiyo iliyoleta pia kipindupindu.

3. Kutoka karatasi hadi intaneti

Katika karne iliyofuata habari za maradhi zilipata vyombo rasmi. Mwaka 1926, huko Geneva, idara ya afya ya Ushirika wa Mataifa ilianza kuchapisha taarifa ya kila juma juu ya maradhi ya kuambukiza. Shirika la Afya Duniani likairithi. Mwaka 1994 ilianzishwa ProMED, iliyosambaza taarifa za milipuko kwa barua pepe. Mwaka 2002 mpango wa HINARI ulizifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya tiba, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaanzisha OpenWHO, mafunzo ya bure kwa wahudumu wa afya. Kitabu cha Christie nacho kinasomeka leo katika maktaba za intaneti.

4. Kizuizi cha lugha

Hata hivyo, kufunguliwa kwa maktaba si kueleweka kwa vitabu vyake. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu zaidi ya 2,200 kufa. Shirika la Translators without Borders, lililochunguza suala la lugha wakati wa mlipuko huo, lilionyesha kwamba ujumbe wa Kifaransa, na hata wa Kiswahili sanifu, haukuwafikia wengi wanaosema Kiswahili cha Kongo au Kinande.

Tuchukue mifano miwili. Mtaalamu humwita mgonjwa asiyepimwa bado kwa neno ambalo tafsiri yake ya haraka ni "mshukiwa". Lakini mshukiwa, kwa msikilizaji wa kawaida, ni mtu anayetafutwa na polisi. Nani atakubali kuitwa hivyo mbele ya majirani? Kadhalika, muda wa siku 2 hadi 21 kati ya kuambukizwa na kuugua huitwa na wengine "kipindi cha maatamio". Anayefuga kuku ataielewa picha hiyo akielezwa. Asipoelezwa, ataona amefuatiliwa siku 21 bila kosa, hali yeye ni mzima.

5. Hitimisho

Kazi hii haiwezi kuachiwa waganga peke yao. Idara za Kiswahili zina watu waliofundishwa kuunda istilahi na kuzipima. Tunapendekeza kazi za kuhitimu zichukue somo moja la epidemiolojia lililoko katika intaneti, zilitafsiri, kisha zilisome mbele ya wauguzi, wauza soko na wazee, na kuandika kila neno lililowakwaza. Christie aliandika aliyoyasikia kwa watu wa misafara. Sasa ni wajibu wetu kuirudisha elimu hiyo kwa lugha wanayoielewa wajukuu wao, kabla mlipuko mwingine haujatangazwa.