Vitabu vya Mitumba kwenye Barabara ya Thika

Biashara ya vitabu vilivyokwisha kutumika baina ya Ruiru, Juja, Witeithie na Thika hufuata saa ya mtaala. Kitabu kilichong'oka jalada kinaweza kupata mnunuzi mwaka wake wa kumi, ilhali kingine kisichofunuliwa hata mara moja kikaishia kufungia njugu kwa kuwa Wizara ya Elimu imebadilisha silabasi. Kwa hiyo tarehe ya biashara hii haiwezi kutengwa na tarehe ya shule. Miji hii inafungwa pamoja na barabara moja inayoishia Nairobi, na soko la vitabu la Nairobi ndilo linalopanga bei hadi Thika.

Kabla ya uhuru hapakuwa na biashara ya kutajwa. Kiambu, iliko miji hii leo, ilikuwa na kiu kubwa ya elimu: baada ya mzozo wa 1929 kati ya Wakikuyu na wamisheni, wazazi walijenga shule zao huru kwa michango, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu Githunguri, ambacho serikali ya kikoloni ilikifunga 1952. Lakini vitabu vilikuwa vichache, na kilichopatikana kilirithiwa na mdogo mtu, kisha mtoto wa shangazi, hadi kikaisha. Thika yenyewe ilikuwa mji wa reli, kahawa na mkonge. Baada ya 1963 mashamba mengi ya walowezi katika ukanda huu yalinunuliwa na kugawanywa viwanja, na makazi kama Witeithie yakakua yakiwa na wakazi waliotegemea viwanda, mashamba na vibarua. Watu hao walikuwa na watoto wengi wa kusomesha na fedha kidogo za kuwanunulia vitabu, hali ambayo baadaye ingeizaa biashara ya mitumba.

Haikuizaa mara moja. Katika miongo miwili ya kwanza ya uhuru, vitabu vya shule za msingi vilikuwa mali ya shule. Serikali iliviagiza kwa pamoja kupitia mpango wa Kenya School Equipment Scheme. Mwanafunzi alipewa kitabu Januari na kukirudisha mwisho wa mwaka, na aliyekipoteza alilipa. Jomo Kenyatta Foundation, iliyoundwa 1966, na Kenya Literature Bureau, iliyorithi kazi za shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, zilichapa sehemu kubwa ya vitabu hivyo. Kilichozunguka mikononi mwa watu kilikuwa riwaya za kujiburudisha. Charles Mangua alitoa Son of Woman mwaka 1971, David Maillu akafuata na vitabu vyake vidogo vya Comb Books, na Macmillan ikaleta mfululizo wa Pacesetters mwishoni mwa muongo huo. Pamoja na vitabu vya James Hadley Chase, vilisomwa mabwenini hadi vikapukutika kurasa. Mara nyingi havikuuzwa, vilibadilishwa: kimoja kwa kimoja, na anayetoa kilichochakaa zaidi anaongeza kitu kidogo juu. Kanuni hiyo ya kubadilishana na kuongeza bado iko hai, na baadaye ikahamia kwenye vitabu vya kiada.

Mwaka 1985 ulikuja mfumo wa 8-4-4. Kwa pigo moja, vitabu vya mfumo wa zamani vilipoteza thamani darasa baada ya darasa, hadi mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulipofanywa 1989. Mahali pake viliingia vitabu vilivyoandikwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya na kuchapishwa na mashirika mawili yaliyotajwa: karibu kila somo na kitabu chake kimoja, nchi nzima. Kisha Waraka wa Bunge Nambari 6 wa 1988 ukaleta sera ya kugawana gharama, na mzigo wa kununua vitabu ukamwangukia mzazi. Hapo ndipo biashara ilipopata miguu. Mzazi alilazimika kununua, na alichokihitaji kilikuwa kilekile alichokuwa nacho jirani ambaye mtoto wake amepanda darasa. Muuzaji hakuhitaji kujua chochote kuhusu shule ya mteja. Masomo ya Msingi ya darasa la sita ilikuwa ileile Witeithie na Garissa. Huenda haujapata kutokea wakati mwepesi zaidi kwa mwenye mtaji mdogo kuingia katika kazi hii.

Vitabu vya miaka ya 1990 vilipata makao yake makuu kwenye vijia vya Nairobi, hasa Tom Mboya Street na mitaa inayoizunguka, ambako vilitandazwa juu ya maturubai chini na mnunuzi akainama kuchagua. Watu waliyaita maduka hayo «inama», kwa mzaha uliogeuka jina. Mchuuzi wa Thika au Juja alipanda matatu alfajiri, akachagua, akarudi na gunia. Vitabu vingine vilisafiri upande wa pili, kwa kuwa shule za bweni za ukanda huu na familia zinazohama zilitoa mzigo mzuri. Askari wa manispaa, yaani kanjo, walikuwa sehemu ya gharama za biashara. Maturubai ya mchuuzi yalichaguliwa kwa kipimo cha kuweza kukunjwa pembe nne kwa mpigo na kubebwa mbio.

Kazi yenyewe ina ufundi ambao mpita njia hauoni. Kitabu kinaponunuliwa, kwanza huhesabiwa kurasa, hasa za mwisho, kwa sababu ndizo hung'oka mapema. Mgongo hutiwa gundi au kushonwa kwa uzi mzito, pembe zilizokunjika hunyooshwa chini ya uzito, majibu yaliyoandikwa kwa penseli hufutwa. Yaliyoandikwa kwa wino hushusha bei, ingawa wapo wanafunzi wanaoyatafuta hayohayo. Mwisho jalada huvikwa nailoni, na kitabu kinapata sura ya kulipiwa. Muuzaji hutazama pia toleo: wachapishaji hutoa matoleo yaliyorekebishwa ambayo mara nyingine hutofautiana na ya awali kwa mpangilio wa kurasa tu, na mwalimu anapotaja ukurasa wa 47, mwenye toleo la zamani anabaki akipekua. Kitabu cha namna hiyo kinauzika, lakini kwa maelezo na kwa bei ya chini.

Msimu ni Januari. Desemba hununuliwa vitabu kutoka kwa wanaomaliza, na wiki mbili za kwanza za muhula hubeba sehemu kubwa ya mapato ya mwaka mzima. Miezi mingine muuzaji hujishikiza kwa kalamu, daftari, mitihani iliyopita na vitabu teule vya fasihi. Vitabu teule vina msimu wao: hudumu takriban miaka mitano, kisha hubadilishwa. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilikuwa dhahabu hadi zamu ilipovifikia Kigogo cha Pauline Kea na Chozi la Heri cha Assumpta Matei, vilivyotahiniwa kuanzia 2018. Kufikia mtihani wa 2023 vilikuwa vimewapisha Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Muuzaji aliyejaza rafu mwaka wa mwisho wa zamu hubaki na riwaya nzuri isiyo na mnunuzi. Inasikitisha kwamba riwaya ya kiwango hicho hupoteza soko siku inapoacha kutahiniwa, lakini ndivyo soko lilivyo.

Urahisi wa kitabu kimoja kwa kila somo uliisha kwa sera ya 1998, iliyoruhusu wachapishaji kushindana. Vitabu vilivyoidhinishwa viliorodheshwa kila mwaka katika kile kilichoitwa Orange Book, na shule ikachagua. Sasa somo moja lilikuwa na vitabu kadhaa halali, na mchuuzi akalazimika kujua shule gani inatumia kipi. Maarifa hayo yalikuwa mtaji. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na fedha za vitabu zikapelekwa kwenye akaunti za shule, jambo lililompunguzia mzazi wa shule ya umma haja ya kufika kibandani. Hata hivyo wateja hawakuisha. Shule za kibinafsi, zinazoitwa akademia, zilichipuka kando ya barabara kutoka Ruiru hadi Thika, na kila moja ilimpa mzazi orodha yake ya vitabu. Biashara ikahama kutoka kwa maskini wa shule ya umma hadi kwa mzazi wa kipato cha kati mwenye karo ya kulipa na orodha ndefu mkononi.

Vyuo vilileta mteja wa aina nyingine. Chuo cha Jomo Kenyatta kilichofunguliwa Juja 1981 kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili 1994. Chuo Kikuu cha Mount Kenya cha Thika kilipata hati yake 2011. Kitabu cha chuo huzeeka kwa mwendo wake. Engineering Mathematics ya K. A. Stroud, iliyotoka mara ya kwanza 1970, haiharibiwi na umri, kwa maana hesabu zake hazitegemei waziri. Kitabu cha kodi hufa kila Sheria ya Fedha inapopitishwa, na vya uhasibu viliyumba KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, ilipobadilisha silabasi zake 2021. Mshindani mkuu hapa ni mashine ya fotokopi: mwanafunzi anayehitaji sura tatu hutoa nakala ya sura tatu. Baadaye simu ilizidisha ushindani huo kwa nakala za PDF zinazopitishwa bila malipo. Juja ina maduka mengi ya kutoa nakala, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini vitabu vya chuo havikushamiri vibandani aanzie hapo.

Mkondo mwingine unatoka ng'ambo. Mashirika ya hisani kama Book Aid International ya Uingereza, lililoanza 1954 kwa jina jingine, na Books for Africa ya Marekani, lililoanza 1988, hupeleka vitabu kwa maktaba na shule za Afrika. Vingine huja kama bidhaa ya kawaida ndani ya mizigo ya mitumba. Hivyo riwaya za Danielle Steel, Sidney Sheldon na John Grisham zinapatikana zikiwa na mihuri ya maktaba za miji ambayo msomaji wa Witeithie hatafika. Bei yake haifungwi na mtaala, na ndiyo sababu muuzaji mwenye busara huchanganya rafu: kiada kwa Januari, riwaya kwa miezi ya njaa.

Ujenzi wa barabara kuu ya Thika, kati ya 2009 na 2012, ulipanga upya nafasi za kuuzia. Vibanda vya kando viliondolewa, mtiririko wa watembea kwa miguu ukaelekezwa kwenye madaraja ya juu na vivuko vya chini, na wachuuzi wakaufuata huko. Zamani mteja alishuka matatu popote. Sasa anashuka kituoni, anapanda daraja, na anayetandaza vitabu kwenye ngazi zake anampata hata kama hakukusudia kununua. Waliobaki na vyumba vya kukodi nyuma ya barabara waligeuza maduka kuwa ya kila kitu: vitabu, vifaa vya kuandikia, uchapaji na huduma za M-Pesa.

Mwaka 2013 sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani ilitoza vitabu asilimia 16. Kitabu kipya kikapanda bei, na kilichotumika kikaonekana nafuu zaidi bila muuzaji kufanya lolote. Faida hiyo iliambatana na balaa: vitabu bandia. Nakala zilizochapwa kwa siri kwenye karatasi dhaifu, hasa za vitabu teule na vya kujiendeleza kama vile vya Robert Kiyosaki na Robert Greene, zilianza kupangwa kando ya mitumba halali na kuuzwa bei zinazokaribiana. Kuuza kitabu halisi kilichotumika hakuvunji sheria ya hakimiliki. Kuuza bandia kunaivunja. Kwa mnunuzi mwenye haraka tofauti hiyo haionekani, na wauzaji waaminifu wamelipia jina baya la wenzao.

Pigo zito lilikuja 2018. Serikali iliacha kupeleka fedha za vitabu shuleni ikanunua moja kwa moja kwa wachapishaji, kwa lengo la kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi. Maduka makubwa ya vitabu yalilalamika kupitia chama chao, na mengi yakapunguza kazi. Wauzaji wa mitumba walipata shida ya namna yao: vitabu vya serikali vina mhuri unaokataza kuuzwa, na anayevinunua anajiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kupokea mali ya umma. Mwenye kibanda makini hufungua jalada la ndani kabla ya kuuliza bei.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulianza 2019 kwa madarasa ya chini ukipanda mwaka kwa mwaka. Korona ilivuruga kalenda: shule zilifungwa Machi 2020, mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza Julai, wa 2022 ukaanza Aprili, na Januari ikarudi kuwa msimu mwaka 2023 tu. Mwaka huohuo ulifanywa mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, na vitabu vya 8-4-4 vya darasa la nane vikafuata njia ya vile vya kidato cha sita. Kidato cha kwanza cha mwisho kiliingia Januari 2024. Kwa hiyo vitabu vyake vilikosa darasa 2025, vya kidato cha pili 2026, na KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya mwisho ya mfumo huo imepangwa 2027. Wauzaji walioishi 1985, au waliosimuliwa na wazee wa kazi, walianza kupunguza akiba mapema. Wengine walidhani bado kuna muda.

Sehemu ya biashara imehamia kwenye simu. Picha ya rafu huwekwa WhatsApp au Facebook, mteja hulipa kwa M-Pesa, na kitabu hupakiwa kwenye matatu kama kifurushi hadi kituo cha Witeithie au Makongeni. Bei zinalinganishwa kwa dakika chache, kwa hiyo ile faida ya zamani ya kujua kilipo kitabu imepungua. Vitabu vya mtaala mpya vimeanza kufika sokoni vikiwa vimetumika, lakini baadhi vina nafasi za mwanafunzi kujazia majibu, na kilichokwisha kujazwa hakina wa pili. Vinavyobaki na soko imara ni vile vinavyovuka mitaala: kamusi, atlasi, Biblia, majedwali ya hesabu na vitabu vya hadithi za watoto. Hivyo huuzika mwaka mzima.