Baraza

Mjini Lamu na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, baraza kwanza ni kikalio: benchi la mawe na chokaa lililoshikana na ukuta wa mbele wa nyumba. Hapo mgeni hupokewa bila kuwasumbua wa ndani, bao huchezwa, kahawa chungu hunywewa kwa kashata. Likizo ikifika, watoto hulala kifudifudi juu yake na kitabu cha hadithi, wakijifanya hawasikii wanapotumwa dukani.

Kisha neno likapanda cheo. Kuna Baraza la Mawaziri. Kuna Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa Tanzania mwaka 1967. Huko wajumbe hukalia viti, na kashata haziagizwi.

Gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 nalo liliitwa Baraza.