UPASUAJI KATIKA NCHI YETU: ULIKOTOKA NA UENDAKO

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlio madarasani sasa, kamati ya jarida imeniomba niandike juu ya kazi niliyoifanya tangu nilipoacha shule. Nimeona afadhali nieleze historia ya kazi yenyewe, maana ina funzo kuliko historia yangu.

Mwalimu Nyerere aliwahi kukumbusha kwamba nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari 12 tu. Mwenye kutaka udaktari alikwenda Makerere au ng'ambo. Mwaka 1963 yalianza mambo mawili. Kwanza, ilifunguliwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili. Pili, serikali ilianza kuwafundisha Madaktari Wasaidizi, yaani matabibu wenye uzoefu walioongezewa elimu. Shule ile ingehitaji miaka mingi kutoa madaktari wa kutosha. Mafunzo haya yalikusudiwa kuziba pengo mapema.

Mimi nilikuwa Daktari Msaidizi. Tulisoma utabibu, tukafanya kazi, kisha tukarudi chuoni. Katika mafunzo hayo ya pili, miezi mitatu ilikuwa ya upasuaji na mitatu ya uzazi. Baada ya hapo ulipelekwa wilayani, na huko hapakuwa na wa kumwuliza. Mama mwenye uchungu wa siku mbili, mtoto amekwama, analetwa kwa machela usiku. Barabara ya kwenda mkoani imekatwa na mvua. Ama umpasue, ama wazikwe wawili. Tulipasua. Nusukaputi ilitolewa na muuguzi, damu ilitoka kwa ndugu wa mgonjwa, na taa ilipozimika mtu alisimama na tochi.

Wako waliosema kwamba hiyo ni tiba ya daraja la pili kwa watu wa vijijini. Hoja hiyo ilistahili kujibiwa kwa ushahidi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa upasuaji wa uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma. Haukuona tofauti ya maana kati ya kazi ya Madaktari Wasaidizi na ya madaktari wenye shahada. Msumbiji nayo ilianza kufundisha mafundi wake wa upasuaji mwaka 1984.

Hata hivyo, miezi mitatu haitoshi kwa kila jambo. Saratani, mifupa iliyosagika, mtoto aliyezaliwa na kasoro, hawa wanahitaji bingwa. Mwaka 1999 kilianzishwa Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho makao yake ni Arusha. Mwanafunzi wake hufundishwa katika hospitali, chini ya mabingwa, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine. Kwa njia hiyo anajifunza huku akiwahudumia wagonjwa wa huku huku kwetu.

Mabadiliko mengine hayakuhitaji mashine. Shirika la Afya Duniani lilitunga orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla na baada ya kupasua: mgonjwa ni yupi, anapasuliwa wapi, vitambaa vimehesabiwa? Ilijaribiwa katika miji minane, ikiwamo London, Toronto na Ifakara yetu. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Enzi zetu mpasuaji alikuwa bwana mkubwa asiyeulizwa, kwa orodha hii hata muuguzi ana haki ya kusema, "Daktari, subiri."

Mwaka 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini. Nilifurahi sana. Lakini mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu. Wengi wao ni kama yule mama wa kwenye machela.

Kwa hiyo, vijana, someni Baiolojia na Kemia kwa bidii, na mwenye kuweza awe bingwa. Ila mtakapopangiwa kazi wilayani, msikimbie. Mabingwa wakibaki mijini wote, historia niliyoieleza hapa itabidi ianze upya.