Mkojo, Mpira wa Baiskeli na Chumvi ya Haluli

Aprili 1599, jiji zima la Paris lilikuwa likimzungumzia mwanamke mmoja. Gabrielle d'Estrées, mpenzi wa Mfalme Henri IV, alikuwa na mimba ya nne, na mfalme alikwisha kutangaza kwamba atamwoa na kumfanya malkia. Ghafla degedege likamshika, likamwachia, likamrudia. Mtoto akatolewa akiwa amekufa, na tarehe 10 mama naye akafariki, hajafikisha miaka 30. Habari zikazagaa kwamba amelishwa sumu; watu wakakumbuka kuwa siku chache kabla alikula mezani kwa Sebastiano Zametti, tajiri wa Kitaliano. Wengi waliochambua kisa hicho baadaye, wakiwa na elimu ya uzazi, wameona jambo jingine kabisa: kifafa cha mimba.

Sumu, jini, mkono wa mtu, laana ya wazee: maelezo hayajawahi kukosekana. Afrika Mashariki nako familia nyingi zimemkimbiza mama wa namna hii kwa mganga kabla ya hospitali, kwa sababu mwili uliokakamaa, macho yaliyogeuka na povu mdomoni vinafanana mno na kupandwa na shetani. Si haki kuwalaumu. Presha inayotangulia degedege hilo inaweza kumpanda mjamzito wiki kadhaa asihisi lolote, na anayeanguka leo jana alikuwa sokoni.

Ukiifuatilia historia ya ugonjwa huu, unakuta kwamba vifaa vilivyofungua fumbo lake karibu vyote vilikuwa vya bei ndogo: mkojo na moto, mpira wa baiskeli, chumvi ya haluli. Kuhesabu wagonjwa, kuwalinganisha, na kumfuata mama baada ya kwenda nyumbani ndiko kulikochelewa, na ucheleweshaji huo umegharimu maisha mengi.

François Mauriceau, bingwa wa uzazi wa Paris katika karne ya 17, aliona kwamba wenye mimba ya kwanza ndio hupatwa zaidi. Aliona sawasawa, mpaka leo wakunga hufundishwa hivyo hivyo. Tiba yake lakini ilikuwa kumtoboa mgonjwa mshipa na kutoa damu, na tiba hiyo ilidumu hadi ndani ya karne ya 19.

Hatua ya kwanza ya kweli ilipigwa mwaka 1843 katika hospitali ya Guy's, London. Huko Richard Bright alikuwa ameonyesha kwamba mgonjwa wa figo huvimba uso, na mkojo wake ukichemshwa huganda kwa sababu una protini. Mwenzake wa idara ya uzazi, John Lever, aliwatazama wanawake wa degedege akaona nyuso zao zimevimba vilevile. Akachukua mkojo wao akauchemsha: ukaganda. Hakuishia hapo. Akapima mkojo wa wanawake wengine zaidi ya 50 waliokuwa katika uchungu, na hakuikuta protini ila kwa wale waliopata degedege au waliokuwa na dalili zake. Hiyo hatua ya pili ndiyo ya kupigiwa mfano: Lever alitaka kujua kama mama mzima naye ana kitu hichohicho. Mama wa Kigoma au Kisumu anayepewa kikopo kwenye kliniki aende chooni anafuata njia iliyoanzia pale, ingawa siku hizi kijiti cha rangi kimechukua nafasi ya moto.

Presha ilingoja nusu karne zaidi. Mwaka 1896, mjini Turin, Scipione Riva-Rocci alitangaza mashine iliyopima msukumo wa damu kwa kubana mkono wa juu. Aliiunda kwa vitu vya kawaida. Mkanda wa kubania ulitokana na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na zebaki ikapanda kwenye mrija wa kioo. Mwaka uliofuata Wafaransa wawili, Vaquez na Nobécourt, waliripoti kwamba wanawake wenye kifafa cha mimba wana presha ya juu. Mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, akaeleza mbele ya wenzake mjini St. Petersburg kwamba ukiweka kifaa cha kusikilizia chini ya mkanda unasikia sauti inayoanza na kuisha, na kwa sauti hizo zinapatikana namba mbili. Ndizo 140 na 90 ambazo kila muuguzi wa kliniki anazijua kuwa mpaka, na 160 na 110 zinazomfanya aache kazi nyingine zote.

Kipimo bila ratiba hakimwokoi mtu. John William Ballantyne wa Edinburgh alidai mwaka 1901 kwamba hospitali ihudumie wanawake wakiwa bado wajawazito, na akaanza na kitanda kimoja tu. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza iliweka utaratibu wa mahudhurio: mara kwa mara kadiri mimba inavyokua, kila wiki mbili, kisha kila wiki mwishoni. Utaratibu huo ulisafiri na utawala wa kikoloni na wamisheni hadi kliniki za Afrika Mashariki, ukakaa miongo mingi. Baada ya mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilipunguza mahudhurio kuwa manne, na mwaka 2016 likayapandisha kuwa manane; presha huwa inapanda zaidi miezi ya mwisho, ambapo ratiba ya mara nne ilimwacha mama peke yake muda mrefu.

Sasa chumvi. Magnesiamu salfeti ndiyo ile chumvi ya haluli ambayo wazee waliijua kwa kuharisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ujerumani, kisha wa Marekani, walianza kuwachoma nayo wenye kifafa cha mimba. Huko Dallas, Jack Pritchard wa hospitali ya Parkland alianza mwaka 1955 kuitumia kwa utaratibu mmoja usiobadilika: gramu 4 kwenye mshipa, gramu 5 kila takoni, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4. Mwaka 1984 alitoa hesabu ya wagonjwa 245. Aliyekufa ni mmoja, na huyo alikufa kwa kuzidishiwa dawa yenyewe.

Kifo hicho kimoja kinaeleza kwa nini wodini sindano hii huandamana na nyundo ndogo ya goti. Magnesiamu ikizidi mwilini, mguu ukigongwa chini ya goti haushtuki. Ikizidi zaidi, pumzi inapungua. Muuguzi huhesabu pumzi na kupima mkojo kabla ya kila dozi: pumzi zikiwa chini ya 16 kwa dakika au mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, dozi inasimamishwa, na kalsiamu glukoneti iko tayari pembeni. Ni kazi ya macho, masikio na saa ya ukutani. Hospitali ya wilaya inaweza kuifanya, mradi awepo muuguzi wa kukaa na mgonjwa usiku kucha.

Pamoja na hayo yote, Ulaya haikushawishika. Wataalamu wa ubongo waliuliza chumvi inazuiaje degedege, na kwa kuwa jibu halikuwapo, Uingereza iliendelea na diazepamu na fenitoini. Kila upande uliamini dawa yake, na hakuna aliyekuwa amezishindanisha kwa idadi ya kutosha. Hatimaye zilishindanishwa katika nchi tisa za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, zikiwemo Uganda, Zimbabwe, Ghana na India, kwa uratibu wa Lelia Duley na wenzake wa Oxford. Karibu wanawake 1,700 walishiriki, na matokeo yakatoka mwaka 1995. Kati ya waliopewa diazepamu, asilimia 28 walirudiwa na degedege; wa magnesiamu walikuwa asilimia 13. Dhidi ya fenitoini, asilimia 17 kwa 6. Mabishano ya miaka 70 yakaisha, na walioyamaliza ni wanawake wa wodi za Afrika na wenzao wa nchi maskini. Jambo hili halitajwi inavyostahili. Mwaka 2002 utafiti mwingine wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ukaonyesha kwamba mwenye presha na protini akichomwa dawa hiyo kabla ya kuanguka, hatari ya kuanguka inapungua kwa zaidi ya nusu.

Kujua na kupata ni mambo mawili. Mwaka 2005 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi kuhusu Msumbiji na Zimbabwe, nchi ambayo wanawake wake walishiriki kutafuta jibu. Dawa ilikuwa haipatikani ipasavyo. Haina mwenye hataza, bei yake ni ya chini, faida yake ni kidogo, kwa hiyo haikuwa na wa kuipigania sokoni.

Kuzuia ugonjwa usitokee kumekuwa na safari yake, na hapa Dar es Salaam inaingia. Mwaka 1980 José Belizán na José Villar walieleza kwamba Wamaya wa Guatemala, maskini kama majirani zao, hawapatwi sana na kifafa cha mimba. Mahindi yao huyaloweka kwa chokaa kabla ya kuyasaga, hivyo wanapata kalsiamu nyingi. Mahindi ya ugali wetu hayapitishwi kwenye chokaa. Majaribio yaliyofuata yalifanya Shirika la Afya Duniani lipendekeze gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku pale chakula kinapopungukiwa nayo. Hivyo ni vidonge vikubwa kadhaa kila siku kwa miezi, na bohari nyingi za dawa hazikuvimudu. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2024 yalitoka kwa wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam na wengine 11,000 wa Bangalore, wote wa mimba ya kwanza: miligramu 500 zilikinga sawa na 1,500. Dar es Salaam waliopata ugonjwa walikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 2.7 kwa dozi kubwa, tofauti ambayo watafiti hawakuiona kuwa na uzito. Pamoja na aspirini ya dozi ndogo, inayoanzwa kabla ya wiki 20 kwa mwenye hatari kubwa, hiyo ndiyo kinga iliyopo.

Yote hayo yanaishia chumba cha kujifungulia, na kwa zaidi ya karne vitabu viliishia hapohapo: kondo la nyuma likitoka, ugonjwa umekwisha. Wodi zilijua kwamba si kweli kabisa. Sehemu si ndogo ya degedege hutokea baada ya kuzaa, nyingi ndani ya saa 48, nyingine wiki kadhaa mbele. Kwa desturi ya pwani muda huo uko ndani ya arobaini, mama akiwa anakandwa kwa maji ya moto, analishwa uji, na hatoki nje. Desturi hiyo ina hazina moja kubwa: mama hakosi mtu wa kumtazama. Huko Zaria, kaskazini mwa Nigeria, madaktari wa miaka ya 1970 walichunguza arobaini ya Wahausa, ambamo mzazi hunywa uji wenye magadi, huoga maji ya moto na kulala juu ya kitanda cha udongo kinachochomewa moto chini. Waliona wengi wakija hospitali wamevimba, moyo umeshindwa kusukuma damu. Watafiti wa baadaye wamekataa kuitwika desturi mzigo wote, lakini swali la moyo wa mzazi lilikuwa limeulizwa kwa nguvu Afrika.

Aliyefuatilia kwa miaka mingi yanayompata mama baada ya kifafa cha mimba ni Leon Chesley. Hakuwa daktari, alikuwa mwanasayansi wa viumbe aliyepata kazi wakati wa mdororo wa uchumi katika hospitali ya uzazi ya Margaret Hague, Jersey City. Aliorodhesha wanawake 270 walionusurika kifafa cha mimba hapo kati ya 1931 na 1951, na mwaka 1974 alikuwa bado anajua habari za wote isipokuwa mmoja. Alipima presha zao wakiwa mama, kisha wakiwa bibi. Hitimisho lake lilikuwa la faraja: waliougua katika mimba ya kwanza hawakupata presha uzeeni kuliko wanawake wengine, ila waliougua katika mimba za baadaye ndio waliokufa zaidi.

Hesabu kubwa zaidi zimeibadilisha faraja hiyo. Mwaka 2007 takwimu za wanawake karibu milioni 3.5 zilijumlishwa, na waliowahi kupata presha yenye protini wakati wa mimba walionekana kuwa na hatari ya presha ya kudumu karibu mara 4, ya ugonjwa wa mishipa ya moyo mara 2, na ya kiharusi karibu mara 2. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo hulazimika kuisukuma yote. Mishipa yenye udhaifu hujionyesha wakati huo, miaka 20 au 30 kabla ya ugonjwa kamili. Mwaka 2011 chama cha moyo cha Marekani kiliandika historia hiyo ya mimba miongoni mwa vihatarishi ambavyo daktari amuulize kila mwanamke.

Shirika la Afya Duniani linataka mzazi aonwe ndani ya saa 24, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Katika vituo vingi vyetu hudhurio la wiki ya sita limegeuka la mtoto: anapimwa uzito, anachanjwa, na mama aliyembeba anarudi naye bila kufungwa mkanda wa presha, ingawa mashine iko mezani na kipimo huchukua dakika chache. Na mama wa miaka 50 anayehudhuria kliniki ya presha huulizwa kuhusu chumvi, uzito na wazazi wake, huku mimba yake ya kwanza, ile iliyomlaza hospitali akichomwa sindano usiku kucha, haimo katika faili lake.