Posho ya Askari na Kopo la Nyama

Wahenga wetu walinena: njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Historia za vita tulizosomeshwa shuleni zilitaja majemadari, mizinga na tarehe za mapambano. Ni nadra zilipotaja sufuria. Hata hivyo, kila askari aliyepiga hatua alikula au alikosa kula, na katika kile alichopewa twaweza kuisoma thamani aliyokuwa nayo machoni pa yule aliyemtuma. Ndiyo sababu katika insha hii twataka kulitazama neno moja, nalo ni posho, na chombo kimoja, nacho ni kopo la nyama.

Posho ni neno la safari ndefu. Katika siku za misafara lilikuwa ni fungu la chakula alilopewa mpagazi. Jeshini likawa chakula cha askari cha kila siku. Wenzetu wa Uganda leo huuita ugali wenyewe posho, nasi watumishi wa serikali twaliita hivyo fungu la fedha tunalolipwa kwa safari au kwa kikao. Maana zimepishana, lakini shina ni lile lile: yupo agawaye na yupo apokeaye, na hesabu imo mkononi mwa agawaye.

Hesabu hiyo ilikuwa chungu mno katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Mbung'o waliwaua nyumbu, farasi na maksai, kwa hiyo mizigo ya majeshi ikawekwa juu ya vichwa vya watu. Mpagazi aliyebeba unga ilimbidi ale katika mzigo ule ule, kwenda na kurudi; na kadiri njia ilivyorefuka ndivyo kilichofika mbele kilivyopungua, na ndivyo wapagazi zaidi walivyotakiwa. Watu waliozoea ndizi, mchele au mtama walipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila kuni za kutosha wala muda wa kuupika ukaiva. Tumbo la kuhara likawafyeka kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000. Kikosi chao cha uchukuzi kilituachia jina la Kariakoo, ambapo leo Dar es Salaam nzima hununua chakula chake. Wengi wapitao sokoni pale hawajui kwamba jina hilo ni la watu waliobeba chakula na kufa kwa njaa.

Kopo nalo ni mtoto wa vita. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikitafuta njia ya kuhifadhi chakula cha majeshi yake, na mwaka 1810 ikamtunza Nicolas Appert, aliyegundua kwamba chakula kikifungwa katika chupa na kuchemshwa hakiozi. Mwaka huo huo huko Uingereza chupa ikabadilishwa kwa kopo la bati. Kifunguo cha kopo hakikubuniwa ila baada ya miongo kadhaa. Kabla ya hapo askari alilipasua kwa kisu, kwa singe au kwa jiwe.

Sisi tulizijua habari za kopo kwa babu yetu, mjini Tabora, aliyekuwa askari wa K.A.R. katika Vita Kuu ya Pili. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944 mpaka Mto Chindwin. Barabara ziligeuka tope, na chakula kikawa kinadondoshwa na ndege kwa miavuli. Babu alitusimulia kwamba makopo mengine yalifika yamebanduka karatasi kwa mvua, yakawa bati tupu. Hapo mabishano yakazuka kati ya askari Waislamu: Je, ni ng'ombe au ni mnyama mwingine? Na kama ni ng'ombe, amechinjwa na nani? Wengine walitafuna biskuti ngumu tu. Wengine walisema kwamba mwenye dharura hana lawama, wakala. Babu alikula. Lakini kila alipotusimulia, sauti yake ilishuka alipofika hapo, kisha akasema, "Hatukuwa na wa kumwuliza."

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu upande wa Kagera. Siku zile sisi tulikuwa watoto, lakini twakumbuka jinsi watu walivyotoa walichokuwa nacho: mkulima mazao yake, mfugaji ng'ombe wake. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu na wakombozi wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliporudi kutoka vitani alikuja kumwamkia babu, akamkabidhi kopo moja la nyama lililobaki mkobani.

Babu aliligeuza kopo lile mara mbili. "Mwanangu, hii kachinja nani?"

"Sijui, babu," akajibu kijana kwa haya. "Lakini imeandikwa Dar es Salaam."

Lilikuwa limetoka Kawe, katika kiwanda cha Tanganyika Packers, kilichosindika nyama ya ng'ombe wa mikoa yetu ya bara. Babu akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Basi mchinjaji wake naweza kumpandia gari moshi nikamwuliza." Akaomba sahani, akalifungua, akatugawia watoto wote, kila mmoja kipande kisichozidi kidole gumba. Yeye mwenyewe alilamba chumvi iliyobaki kwenye kisu.

Hatukuuelewa ule mzaha wake mpaka tulipokuwa watu wazima. Nyama ya Burma na nyama ya Kawe huenda zilikuwa na ladha moja. Kilichozitenga ni kwamba ya kwanza ilishuka kutoka mawinguni, kwa amri ya watu wasioulizika. Ya pili ilikuwa na mji, na mlango wa kubisha hodi.

Kiwanda kile kilikwisha fungwa, na siku hizi jina lake hutajwa zaidi kwa viwanja vya Kawe wanapokusanyika watu kwa mikutano. Posho ingalipo. Kila tunapotia sahihi kuipokea ofisini, swali la babu hutujia: hii imetoka kwa nani, naye tunaweza kumwuliza? Wapagazi wa Kariakoo hawakupewa nafasi ya kuuliza. Tuliopewa tusinyamaze.