Gari Kuukuu Lina Mwenyewe: Jinsi ya Kufuata Wamiliki wa Land Rover ya Zamani Kataboi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia madukani, kwa mwenye kukopesha unga na sukari, lakini mimi naona inawachoma zaidi wenye magari ya zamani. Mtu anaweza kulitia gari mafuta miaka ishirini, akalibadilishia magurudumu, akaifufua injini mara tatu, na bado mbele ya sheria gari likawa la mwingine.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inasema katika kifungu cha 8 kwamba aliyeandikishwa ndiye anayehesabiwa kuwa mmiliki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinaongeza kwamba gari likishabadilisha mikono, lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 bila ya mmiliki mpya kuandikishwa. Sasa hesabu mwenyewe ni magari mangapi unayoyajua yaliyouzwa kwa kupeana mkono tu, mashahidi wakiwa dereva na muuza chai.

Swali hili nililipata Kataboi, ufukwe wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kalokol. Kwetu Pwani ni mbali: unapita Nairobi, Kitale, Kapenguria, unateremka hadi Lodwar, kisha unaelekea ziwani. Mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki ana Land Rover ndefu ya zamani. Aliinunua kwa dereva mstaafu, naye dereva aliachiwa na taasisi aliyoifanyia kazi. Karatasi pekee aliyonayo ni nakala ya logibuku iliyofifia. Wanunuzi kutoka mijini wameanza kumjia na bei, na kila mmoja akiona hana karatasi anakata nusu. Wanawe nao wameanza kuulizana gari litakuwa la nani.

Hao wanunuzi hawaji bure. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hivyo Land Rover, Peugeot 404 na Datsun za zamani zilizobaki nchini ndizo hizo hizo, na kila mwaka zinapungua. Gari la aina hiyo likiwa na historia inayothibitika lina thamani. Lisipokuwa nayo, ni chuma tu.

Basi nieleze kwa utaratibu namna ya kuitafuta historia hiyo. Mfano wangu ni Turkana, lakini njia ni ile ile ukiwa Lamu, Malindi au Msambweni.

Anza na chuma

Mturkana humjua ng'ombe wake kwa chapa. Kila ukoo una chapa yake, na neno lao "emachar" hutumika kwa ukoo na kwa chapa pia. Chapa ya gari ni namba ya chasisi. Usianze na mwenye gari wala na wakala. Anza hapo.

Kwenye Land Rover za zamani zenye usukani wa kulia, namba hupigwa kwenye fremu upande wa kulia mbele, karibu na mahali springi inaposhikilia. Huwa imefunikwa na matope na grisi. Sugua kwa brashi ya waya pole pole, kisha weka karatasi juu yake uipake penseli ili upate nakala. Halafu linganisha na kibati kilichomo ndani ya gari na namba iliyo kwenye logibuku. Zote tatu zikiwa sawa, umeanza vizuri. Zikitofautiana, simama hapo hapo, usilipe hata shilingi.

Tarakimu za mwanzo zina habari. Katika Land Rover za Series III, zilizoanza 1971, gari refu la petroli lenye usukani wa kulia lililotumwa nje likiwa limekamilika huanza na 912. Likianza na 913, lilisafirishwa vipande vipande likaunganishwa huko lilikokwenda. Kwa Series IIA za kabla yake, namba hizo ni 252 na 253. Kuanzia mwisho wa 1979 na kuingia 1980 kiwanda kilihamia namba ndefu za alama 17 zinazoanza na SAL. Gari la mzee wa Kataboi linaanza na 913. Kenya ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha Land Rover, Leyland Kenya kule Thika, kilichoanza kazi miaka ya 70, kama vile Mombasa tulivyo na AVA pale Miritini. Kwa hivyo hata kabla ya kufungua karatasi yoyote, tulijua si gari lililovushwa mpaka juzi likiwa limeundwa kamili.

Namba ya injini ni habari nyingine. Injini hubadilishwa, na hilo si dhambi, mradi badiliko limeripotiwa. Usikatae gari kwa sababu injini si ya asili, lakini uliza ilitoka wapi. Injini nayo ina mwenyewe.

Soma rangi na milango

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haili kutu kama fremu. Ndiyo maana mlango wa miaka hamsini unaweza bado kuonyesha rangi zake zote. Tafuta mahali palipokwaruzika, au ndani ya bawaba, uhesabu tabaka. Magari ya kazi ya Kenya yalikuwa na desturi ya kuandikwa jina la mwenyewe na S.L.P. yake mlangoni, pamoja na uzito wa gari. Herufi hizo hupakwa rangi juu lakini alama yake hubaki. Ukiangalia kwa ubavu jua likiwa chini, jioni au asubuhi, utaziona. Angalia pia vibandiko vya zamani kwenye kioo, na matundu ya skrubu palipokuwa na antena ya redio.

Turkana jambo hili lina uzito, kwa sababu magari mengi ya zamani huko hayakuanza kwa mtu binafsi. Wilaya ilikuwa ya vizuizi wakati wa ukoloni, na gari lilikuwa la serikali. Lokitaung na Lodwar ndiko Jomo Kenyatta alikofungwa na kuzuiliwa kati ya 1953 na 1961. Wamisionari wa Kikatoliki waliingia na njaa ya 1961. Baada ya ukame wa 1980 ulikuja Mradi wa Kuikarabati Turkana. Norwei nayo ilijenga kiwanda cha samaki Kalokol na kusaidia barabara, mpaka uhusiano wa nchi hizo mbili ulipovunjika mwaka 1990. Kuanzia 1989 Lokichoggio ikawa kituo cha misaada ya Sudan, na 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa. Watafiti wa mabaki ya kale nao walipita njia hiyo hiyo ya ziwani, maana mifupa ya Kijana wa Turkana ilipatikana Nariokotome mwaka 1984.

Kila wimbi lilileta magari, na lilipoondoka liliyaacha baadhi. Kwa hivyo ukikuta gari kuukuu Kataboi, usiulize kwanza lilikuwa la nani. Uliza lilikuwa la kazi gani.

Namba pleti inavyosema

Mtindo wa zamani wa Kenya ulikuwa herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho. Mwaka 1989 ulianza mtindo wa KAA 001A. Ukiona gari la miaka ya 70 lenye herufi ya mwisho, jiulize kwa nini. Aghalabu jibu ni moja kati ya matatu: lilikuwa gari la serikali lenye GK, lilikuwa na pleti za kibalozi au shirika la kimataifa, au lilitoka nchi jirani. Turkana imepakana na Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, kwa hivyo hilo la tatu si la kupuuza.

Kila jibu lina karatasi yake. Gari la GK lazima liwe na hati ya kuuzwa, aghalabu kwa mnada wa hadhara. Gari lililoingia bila ushuru lazima liwe na ushahidi kwamba ushuru ulilipwa lilipohamia kwa raia. Gari la ng'ambo ya mpaka lazima liwe na karatasi za forodha. Ukiambiwa "karatasi zilipotea zote", uliza mnada ulifanyika wapi na mwaka gani. Mwenye kusema kweli atakumbuka japo kimoja.

Ofisi na madaftari

Baada ya chuma, sasa nenda kwenye rekodi. Usajili uko chini ya NTSA, na upekuzi wa kumbukumbu za gari huombwa kupitia eCitizen kwa kulipa ada. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyeandikishwa na kama kuna mkopo juu ya gari. Kwa gari lenye shaka, peleka pia kwa makachero wa DCI wahakikishe halijaripotiwa kuibwa na namba haikuchezewa. Majibu yakija na jina la mtu, usiyarushe kwenye Facebook au WhatsApp. Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na heshima ilikuwepo kabla ya sheria.

Mahali pa pili watu hupasahau, nako ni Gazeti Rasmi la Serikali. Gereji zinazotaka kuuza magari yasiyochukuliwa hutangaza humo kwa namba ya usajili, kwa mujibu wa Sheria ya Kuuza Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38. Matangazo ya mirathi nayo yamo humo. Matoleo mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni, unaandika namba ya gari au jina na kusubiri.

Mahali pa tatu ni kiwanda chenyewe. Uingereza, kule Gaydon, kuna hifadhi ya kumbukumbu za magari ya Kiingereza ambayo hutoa cheti cha Land Rover za zamani kwa kutumia namba ya chasisi: lilitoka lini na lilitumwa wapi. Cheti hicho si hati ya umiliki, lakini ndicho kianzio cha mnyororo.

Msione kuwa ni upuuzi wa matajiri. Land Rover yenye usajili SNX 891 ilikwenda kutoka London hadi Singapore mwaka 1955 na 1956 na wanafunzi wa Oxford na Cambridge. Baadaye ilipotea machoni pa watu, ikaja kupatikana kisiwani St Helena katikati ya Atlantiki. Ilirudishwa Uingereza 2017, na 2019 ikaondoka Singapore kwenda London kwa magurudumu yake. Lingekuwa gari lisilojulikana lilikotoka, lingeozea kule kisiwani.

Mwenye jina akiwa hayupo

Hapa ndipo penye kazi. Katika mfumo wa sasa, anayeuza ndiye anayeanzisha uhamisho na mnunuzi anakubali. Je, kama mwenye jina amekufa, au ni mradi uliofungwa miaka thelathini iliyopita? Nani atabonyeza?

Ikiwa ni kampuni, pekua kwa Msajili wa Kampuni ujue wakurugenzi ni nani. Ikiwa ni misheni, andikia dayosisi au shirika lililoituma, maana Kanisa hutunza madaftari. Ikiwa ni baraza la wilaya la zamani, mabaraza hayo yalikoma 2013 na kaunti ndizo zilizorithi mali yao. Ikiwa ni mradi wa wafadhili, tafuta ni wizara gani ilipokezwa mali. Barua moja ya zamani inayosema "gari hili amepewa dereva wetu" ina thamani kuliko mashahidi kumi wa leo. Mzee wa Kataboi aliipata ofisi iliyorithi taasisi ile, nayo ikakubali kutafuta daftari lake la magari. Kilichobaki ni dereva mstaafu kula kiapo mbele ya wakili kwamba alimuuzia, na hilo alilifanya haraka kwa sababu umri umekwenda.

Ikiwa mwenye jina ni marehemu, hakuna njia ya mkato. Warithi lazima wapate hati ya kusimamia mirathi, na kwa sisi Waislamu Mahakama ya Kadhi ipo. Kuna jambo linalowaunganisha watu wa Turkana na ndugu zetu wa Lamu na Tana River. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, inaziacha mifugo na ardhi ya kilimo ya maeneo haya zirithiwe kwa desturi, pale ambapo hapana wasia. Ngamia na mbuzi watagawanywa na wazee chini ya mti. Gari si mfugo. Wazee wakilitoa kwa mtoto fulani, mgao wao pekee haulihamishi jina.

Kwa hivyo mwenye gari kuukuu, fanya matatu mwaka huu. Piga picha namba ya chasisi na kila karatasi uliyonayo, uweke nakala kwa mtu unayemwamini. Andika orodha ya kila aliyewahi kulishika gari, kutoka kwako kurudi nyuma, hata kama ni jina la utani la dereva. Kisha mtafute yule mkubwa zaidi wa umri katika orodha hiyo, na umwombe kiapo cha maandishi kabla ya wote wengine. NTSA itakuwepo mwakani, na Gaydon pia. Yeye huenda asiwepo.